Kwa mnaoanza kazi kliniki ya VVU: jiandaeni kwa usiku ambao mgonjwa atakimbia

Wenzangu wapya, mkifika kliniki mtafundishwa mengi: kupima uzito, kujaza kadi, kuhesabu vidonge vilivyobaki, kusoma majibu ya kiwango cha virusi. Kuna jambo moja ambalo sijaliona likipewa nafasi katika semina, nami nililijifunza watu wakiwa tayari wameumia. Fujo zikizuka, faili lako halimsaidii mgonjwa, wala stoo iliyojaa dawa. Kinachomsaidia ni alichonacho mkononi na anachokijua kichwani usiku ule anapotoka nyumbani kwake mbio.

Nilikuwa muuguzi katika kituo cha afya karibu na Eldoret. Jumapili ya tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya uchaguzi wa urais wa Kenya yalitangazwa jioni, na usiku huohuo nyumba zilikuwa zinawaka. Siku ya Mwaka Mpya kanisa la Kiambaa lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Ghasia zilienda hadi Februari, na baadaye Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Mamia ya maelfu walihama makwao. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret, ule tuliouita Showground, uligeuka mji wa mahema. Miongoni mwa watu hao wote walikuwamo wagonjwa wetu, na sisi hatukujua nani yuko wapi.

Tulipofungua kliniki tena, foleni ilikuwa fupi mno. Nilikaa na daftari la miadi nikihesabu majina ambayo hayakutokea. Nilijua maana yake. Wengi wakati ule walikuwa kwenye kidonge kimoja chenye dawa tatu: stavudini, lamivudini na nevirapini, asubuhi na jioni. Nevirapini hukaa mwilini muda mrefu kuliko zile mbili nyingine. Mgonjwa akiacha zote kwa ghafla, hizo mbili hutoka upesi, nevirapini hubaki peke yake, na virusi hupata nafasi ya kujenga usugu dhidi yake. Halafu aliyekosa zaidi ya wiki moja hakupaswa kurudia dozi kamili papo hapo. Alianza upya, pamoja na zile mbili nyingine, na kidonge kimoja tu cha nevirapini kwa siku kwa wiki mbili, ili kupunguza hatari ya vipele na madhara ya ini. Kwa hiyo swali la kwanza kambini lilikuwa siku ngapi, na watu waliolala nje na kupoteza jamaa hawahesabu siku. Nilijifunza kuuliza kwa matukio: "Ulimeza mara ya mwisho kabla ya matokeo kutangazwa, au baada? Nyumba ilipochomwa, ulikuwa umeshameza ya jioni?" Hapo mtu anakumbuka.

Wiki ya pili ya Januari nilimkuta kambini mama mmoja muuza mitumba, mgonjwa wetu wa miaka miwili, ambaye hakuwa amewahi kukosa miadi hata mara moja. Nilimuuliza kama ana dawa.

"Ninazo, sista." Akafungua ncha ya leso. Vidonge vyote vilikuwamo, havijaguswa kwa siku nane.

"Mbona humezi, mama?"

"Mlituambia tusimeze tumbo likiwa tupu. Hapa tunapata chakula mara moja, siku nyingine hakuna."

Alikuwa ametii maneno yangu mimi. Niliyasema kila Jumatano kwenye kikao cha ushauri nasaha: kula vizuri kwanza, ndipo umeze. Nilitaka kuwapunguzia kichefuchefu, lakini sikuongeza hata sentensi moja kuhusu siku ambayo chakula hakipo. Mama huyu alikimbia akiacha kila kitu isipokuwa wanawe na dawa, kisha akakaa nazo kifuani bila kumeza kwa sababu ya mafundisho yangu. Tangu siku hiyo kila mgonjwa wangu husikia toka mwanzo: chakula kikiwapo, kula, kisipokuwapo, meza na maji. Nawaomba na nyinyi mseme hivyo, kisha mwombeni mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe.

Kosa la pili lilikuwa vitisho. Tulizoea kumwambia mgonjwa kwamba akikosa dozi atakufa, ili asikose. Aliyekosa siku tano kwa kufungiwa njia akaona haya kurudi. Akafikiri tutamfokea, au kwamba mambo yake yamekwisha. Wapo waliokuwa hema la tatu kutoka pale tulipokaa na hawakuja. Mfundisheni mgonjwa namna ya kurudi, kwa uzito uleule mnaomfundishia kutokosa.

Sasa jambo la majina, na hapa nitakaa kidogo. Katika nchi yetu jina la pili la mtu linatosha kueleza kabila lake, na katika ghasia zile watu walishambuliwa kwa kabila lao. Kwenye kliniki ya kawaida tulikuwa tunaita majina kwa sauti kutoka mlangoni. Kambini, kumwita mtu jina mbele ya watu na kumpeleka kwenye hema linalojulikana kuwa la "dawa zile" ni kumwanika mara mbili kwa pumzi moja. Tulibadilisha mambo mawili. Tuliacha majina tukatumia namba za vikaratasi. Na hatukuweka hema la VVU peke yake. Tulikaa ndani ya hema la matibabu ya kawaida, palepale penye kikohozi, kuhara na vidonda, na mgonjwa wetu akaingia kama mwingine yeyote. Nawasihi, msikubali kamwe kibanda chenye bango, hata mfadhili akitaka bango lake lionekane.

Hata sisi wahudumu tulikuwa na majina. Mwenzangu mmoja, mshauri nasaha hodari kuliko sote, hakuweza kupita kizuizi cha barabarani kuja kazini kwa sababu ya kitambulisho chake, naye alilala wiki mbili kanisani na watoto wake. Nami nilipoenda upande wa pili wa mji, wagonjwa walioniita dada mwezi Novemba walinitazama wasiseme neno. Sikuwalaumu. Tukapanga upya: aliyeweza kufika kwa usalama mahali fulani ndiye aliyepelekwa huko, hata kama si mgonjwa "wake". Wahudumu wengine walizungumza na wagonjwa kwa simu tu. Mgonjwa anayeogopa sura yako huenda bado akaiamini sauti anayoijua. Wakubwa wa vituo, msimlazimishe mfanyakazi kupita njia ambayo nyinyi wenyewe hamngepita, na msimkate mshahara.

Simu zilitusaidia sana, ila zilikuwa na matatizo yake. Kadi za muda wa maongezi ziliadimika na bei ikapanda, chaji hakuna, na daftari letu lilikuwa na namba moja tu kwa mgonjwa, mara nyingi ya mume au jirani. Jirani mwenyewe huenda ndiye aliyemfukuza. Programu ya AMPATH, iliyohudumia wagonjwa wengi magharibi mwa Kenya kutoka Eldoret, ilitangaza redioni na kutoa namba ya kupiga, na wahudumu wake wakatoka kutafuta watu makambini. Redio ilifika tusikofika sisi. Tangazo zuri halitaji ugonjwa kwa namna ya kumwaibisha mtu anayesikiliza na wenzake. Linasema tu kwamba yeyote aliye kwenye dawa za kila siku aende kituo chochote cha serikali kilicho karibu, hata bila kadi.

Hata bila kadi: hilo ndilo lililowashinda baadhi ya wenzetu walioko mbali. Wagonjwa wetu walipanda malori na mabasi, wengine Nyanza na Busia, wengine Nyandarua na Kiambu, wengine wakavuka mpaka kwenda Uganda. Walienda kwa jamaa ambao hawakujua hali zao. Mmoja alinieleza baadaye kwamba alifika kwenye kituo fulani akaambiwa alete barua ya uhamisho kutoka kliniki yake. Barua kutoka wapi? Njia zimefungwa, kliniki yake imefungwa. Alirudi nyumbani mikono mitupu. Mkipokea mtu wa namna hiyo, mpeni kwanza dawa za wiki mbili au mwezi, halafu ndipo mtafute historia yake. Hasara ya kumpa dawa mtu mmoja mara mbili ni ndogo kuliko ya kumnyima mmoja.

Na akiwa hajui jina la dawa yake, kuna mbinu rahisi. Tulitengeneza trei ndogo yenye kidonge kimoja cha kila aina kilichobandikwa kwa selotepu. Mgonjwa alionyesha kwa kidole: "Hiki cheupe, na kile kikubwa cha usiku kilichoniletea ndoto." Hiyo ya ndoto ilikuwa efavirenzi. Kidonge kikubwa cha Septrini, kile cha kuzuia magonjwa nyemelezi, walikijua wote. Siku hizi wengi wako kwenye kidonge kimoja cha tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, mara moja kwa siku, ambacho huhimili usumbufu vizuri kuliko vya zamani, lakini trei bado ina kazi, hasa kwa watoto na kwa walio kwenye dawa za awamu ya pili, yaani zile za waliobadilishiwa baada ya za kwanza kushindwa. Ulizeni pia kuhusu dawa za kifua kikuu, maana rifampisini hupunguza nguvu ya dolutegraviri na dozi hubadilika.

Watoto walitusumbua zaidi. Dawa zao zilikuwa za maji, moja ikihitaji friji, na mama aliyekimbia na chupa mgongoni pamoja na mtoto hakuwa na kijiko cha kupimia. Bibi au shangazi aliyemchukua mtoto mara nyingi hakuambiwa chochote. Kwa kila mtoto, awepo mtu mzima wa pili anayejua dawa, kiasi na saa. Ni mazungumzo magumu, nami nimeshuhudia mama akilia kabla ya kukubali, lakini yafanyeni wakati wa amani.

Wanawake walibakwa. Tume ya Waki ililiandika hilo, nasi tuliliona. Dawa za kuzuia maambukizi lazima zianze ndani ya saa 72 na zimezwe siku 28, na walio wengi walitufikia muda huo umepita, kwa sababu ya vizuizi, kwa sababu ya aibu, au kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba dawa hizo zipo. Wekeni dozi za kuanzia kwenye zahanati ndogo, si hospitali kubwa peke yake. Msimtume mwanamke polisi kwanza ndipo atibiwe.

Uchaguzi ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027. Natamani kwa moyo wangu wote upite kwa amani. Hata hivyo, kuanzia Mei mgonjwa aliye imara apewe dawa za miezi mitatu hadi sita, na kwenye meza ya kutolea dawa mumuulize: "Ukiamshwa usiku uondoke, unachukua nini?" Mwenye kuhifadhi chupa juu ya kabati, mwombeni atenge vidonge vya wiki mbili mahali anapoweza kuvifikia gizani. Kadi yake ipigwe picha kwa simu. Namba za mawasiliano ziwe mbili, na ya pili iwe ya mtu anayeishi kaunti nyingine. Daftari hilo la namba liwe na nakala nje ya jengo, limefungiwa, maana orodha ya wagonjwa ikiangukia mikono mibaya inaweza kuua. Mkiwa wachache na muda hautoshi, anzeni na wajawazito na watoto.