Barua kwa Mwanangu: Gereji Chukua, Mashine Acha

Mwanangu Rukia,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na babako. Wauliza kama ukirudi nyumbani Tudor, Mombasa, mwezi ujao twaweza kukuachia gereji uigeuze jimu, wewe na wifi zako mpate pa kufanyia mazoezi kwa stara. Tena wauliza kama ununue ile mashine ya kukimbilia uliyoiona huko Nairobi. Gereji chukua. Mashine acha.

Umekaa bara muda mrefu, umesahau hewa yetu ina chumvi. Mimi ni mshonaji, nimeona cherehani mpya, imefunikwa vizuri kabisa, ikapata madoa ya kutu kabla ya hata kuzoeleka. Chuma hapa hakingoji kunyeshewa, upepo hukitosha. Na mashine ya kukimbilia si chuma tu, ni mota, nyaya na kile kioo chake cha kuandika namba. Vyote hivyo uviweke mahali penye unyevu mchana na usiku, halafu kila ukiiwasha yala tokeni za umeme. Ikifa, fundi wake utamtafuta kwa tochi. Kama ni kukimbia, nenda bustani ya Mama Ngina alfajiri, bahari iko pembeni na hulipi kitu. Mvua ikishika, ruka kamba.

Hapa kwetu kinachodumu ni chuma kisicho na akili: mtaimbo wa kunyanyulia uzito, sahani zake za chuma, dambeli, benchi. Ukimaliza pangusa kwa kitambaa kikavu, maana jasho nalo ni chumvi, na kila wiki pitisha mafuta ya cherehani kidogo sana. Yale ya chupa ndogo, siyo mafuta ya nazi. Ya nazi hunata na kukusanya vumbi. Pale pa kushikia yafute yasibaki, usije ukateleza.

Sasa gereji yenyewe. Tumeipima jana na babako, upana wake ni futi kumi. Mtaimbo kamili wa mashindano ya wanaume una urefu wa mita 2.2, yaani futi saba na zaidi, na kilo 20 kabla hujatia sahani hata moja. Ukiulaza kwa upana, kila upande yabaki futi moja na kitu, na kuingiza sahani itakuwa ni kugonga ukuta. Ulaze kwa urefu. Lakini sakafu ile ilimwagwa na mteremko wa kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea gari yatoke, kwa hiyo upande mmoja wa stendi ya kuwekea mtaimbo utakuwa chini kuliko wa pili. Babako ataka kujenga jukwaa la mbao. Mimi sitaki, mchwa wa nyumba hii unawajua. Fundi amwage zege jembamba kusawazisha pale pa kusimamia tu, apige na pimamaji, kisha tutandike mikeka ya mpira, ile wanayolalia ng'ombe wa maziwa. Yapatikana maduka ya pembejeo. Ikifika ianikwe nje kwanza, harufu yake ni kali, na kila baada ya muda iinuliwe ili chini pakauke.

Jambo lililonikalia kichwani zaidi ni upepo. Mlango wa gereji waangalia barabarani. Ukiufungua, kila bodaboda atapunguza mwendo kutazama. Ukiufunga, paa ni mabati, mtaokwa humo ndani. Kwa watu wanaotaka stara, hii ndiyo kazi ya kwanza kabla ya chuma chochote. Nimeona hivi: kwenye ukuta wa uani na ule unaoukabili, mistari miwili ya juu ya matofali itolewe, yaingie matofali ya matundu, juu ya kimo cha mtu. Kaskazi ikivuma upepo utaingia upande mmoja utokee wa pili, na kusi ikifika utageuza njia. Hewa moto hupanda, basi ile inayojikusanya chini ya mabati nayo itapata pa kutokea. Fundi asiguse mkanda wa zege uliobeba paa, hilo nitalisimamia mwenyewe. Ongeza feni ya ukutani.

Hata hivyo joto litabaki. Huku hewa imeshajaa maji, jasho lakutiririka wala halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Mwili uliozoea baridi ya Nairobi wataka wiki moja hadi mbili kuzoea, kwa hiyo siku hizo beba vitu vyepesi na unywe maji. Ingia baada ya swala ya alfajiri. Usidhani jioni ni nafuu, mabati huendelea kutoa joto jua likishatua. Ramadhani ni baada ya tarawehe, na hapo vyuma viwekwe chini polepole. Ukuta mmoja ni wetu na jirani, na ana mtoto mchanga.

Stendi usiagize. Mjomba wako anachomelea, atatengeneza kwa bomba la pembe nne lenye unene wa milimita 3. Lile la 2 ndilo rahisi kupata lakini kwa mtaimbo mzito silitaki. Achomelee mshono mzima, siyo vitone, na ncha za mabomba azizibe, kwa sababu kutu ya hapa huanzia ndani ambako rangi haifiki. Kwa juu aweke bomba la maji la inchi moja la kuning'inia na kujivuta. Na pembeni aweke vyuma viwili vya kudaka mtaimbo ukikushinda. Bila hivyo usilale kwenye benchi peke yako, nakuomba.

Jenereta nimeshamwambia babako itoke gerejini kabisa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu, na kuacha mlango wazi hakutoshi.

Kwa kuanzia madumu yapo. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 za maji, na mifereji ikikauka mtaa huu sisi sote huwa wabeba vyuma bila kulipia jimu. La lita 5 nitachukua mimi. Shirika la Afya Duniani lashauri watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu za misuli angalau siku 2 kwa wiki, na waliofikia miaka 65 waongeze ya kusimama imara na ya nguvu, siku 3 au zaidi, ili wasianguke. Babako amesikia hiyo 65 akajifanya asoma gazeti. Nitamwanza kwa kumkalisha kitini na kumsimamisha bila kushika meza.

Pesa zako zigawe hivi: matundu, zege na feni kwanza. Kisha stendi ya mjomba wako, umlipe kama mteja, asikudanganye kuwa ni bure. Baadaye dambeli, na mtaimbo uwe wa mwisho, uliopakwa zinki ukiupata. Vilivyotumika ni sawa, sahani ya chuma haizeeki, ila mtaimbo uzungushe kwenye sakafu bapa kabla ya kulipa. Ukiyumba umepinda, uache.

Sufuria zangu za shughuli hazitoki gerejini. Zitapanda rafu, na rafu utailipia wewe.

Mamako