Mvua ya bati na matarumbeta

Ukitunga muziki wa bendi ya kupuliza na kompyuta, na ukataka ndani yake pasikike mvua, ndege au upepo, anza kwa kufikiria joto. Noti za vyombo vya kupuliza hupanda juu kadiri hewa iliyomo ndani inavyopata joto, takriban sehemu 3 kwa 100 za nusu toni (hatua kati ya vibonye viwili vinavyofuatana vya piano) kwa kila nyuzijoto moja. Sauti iliyorekodiwa haipandi. Asubuhi ya Julai hapa Moshi na mchana wa Februari ni vitu viwili tofauti kabisa. Tofauti ya nyuzi 10 tu inakula karibu theluthi ya nusu toni, na hapo hata asiyejua muziki anasikia kuna kitu hakikai sawa.

Ndiyo maana mimi hutangulia kuchagua sauti zisizo na noti maalumu: mvua juu ya bati, majani ya migomba, maji ya mfereji. Hizo haziwezi kugombana na noti za bendi. Ndege anayeimba noti wazi namwachia uwanja wake, vyombo vikiwa kimya, au tuba, tarumbeta kubwa ya sauti nzito, ikishika noti moja chini kabisa, mbali naye.

Mvua ya bati huanza kwa matone ya kuhesabika, kisha inageuka mvumo mmoja unaofunika kila kitu. Tumia ule mwanzo! Matone yana mdundo usiotabirika, na klarineti zinaweza kuudaka kwa noti fupi fupi. Ule mvumo humeza hata tromboni nne. Nikiuhitaji, naupunguza upande wa chini ili tuba isikike. Nyenje nao wanakaa juu, eneo la pikolo, ile filimbi ndogo ya sauti nyembamba, kwa hiyo siwapigishi pamoja nayo.

Mtunzi Edgard Varèse, katika Déserts iliyopigwa mara ya kwanza Paris mwaka 1954, aliwapa zamu: wapulizaji, kisha tepu ya sauti zilizorekodiwa, kisha wapulizaji tena. Kwa anayeanza, sijaona darasa bora kuliko hilo.

Halafu usimfunge mwongozaji kwenye mapigo ya kompyuta mwanzo hadi mwisho. Wapulizaji wanahitaji kuvuta pumzi. Kata rekodi zako vipande vifupi, mkalishe kwenye kompyuta mtu anayesoma noti, aachie kila kipande mwongozaji anapompa ishara. Ahudhurie mazoezi yote kama mpulizaji mwingine yeyote. Spika nazo ziweke nyuma ya bendi. Ukizitupa pembeni, watu watasikia bendi huku na mvua kule.