Jibu: Sisi tuliopanga ghorofani tutachajia wapi?

Ndugu, umeuliza kama ile bei nafuu ya kuchaji magari ya umeme hapa Kenya itatufikia sisi wapangaji. Kwa sasa, kwa shida. EPRA, mamlaka ya nishati, iliiweka mwaka 2023: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa za matumizi madogo ya umeme, kabla ya kodi na makato mengine. Nzuri, ila inataka mita yake, na mita ni ya mwenye ploti. Mimi nakaa orofa ya nne mtaa wa Pipeline, Nairobi. Nikiteremsha waya dirishani, msimamizi atanifukuza kabla betri haijafika robo (na ana haki, waya hizo huchoma nyumba).

Watu wa boda za umeme wametutangulia. Wanafika kituoni, wanachomoa betri iliyoisha, wanapachika iliyojaa, haohao wameondoka. Betri ya gari lakini ina mamia ya kilo, nani ataibeba? Ndiyo maana ningeibana kaunti iweke chaja za polepole pale magari yanapolala: stejini, sokoni, viwanja vya kanisa. Zile za kasi kwenye maduka makubwa zinamfaa zaidi mwenye geti lake, ambaye tayari anachajia nyumbani.