Minara minne tu, nchi nzima ikapiga kura

SWALI: Shikamoo Mzee. Shemeji yangu, dereva wa basi la Kondoa–Dodoma, anashikilia kwamba Uswisi wamepiga marufuku misikiti. Nimembishia: nchi inayojisifia haki za binadamu haiwezi. Tumewekeana soda. Nani mshindi?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mgawane hiyo soda. Kilichokatazwa ni kujenga minara. Misikiti ipo na watu wanaswali. Tarehe 29 Novemba 2009 Waswisi walipiga kura, asilimia 57.5 wakataka katazo liingie kwenye katiba. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na minara minne, na hata mmoja haukuwa ukitoa adhana! Geneva, ambako mmoja wapo umesimama, wengi walikataa katazo. Waliouzoea hawakuuogopa.

Chokochoko ilipamba moto Wangen, karibu na Olten, Waturuki wa pale walipoomba kuweka mnara wa mita 6 juu ya jengo lao. Mita 6! Mibuyu yetu inaupita.

Mimi nilipima viwanja hapa Dodoma mpaka nikastaafu, kwa hiyo jicho langu hukimbilia makaratasi. Mtu asiyemtaka jirani haji ofisini akasema simtaki. Atauliza maegesho, kelele, mtaro wa maji. Ni maswali halali. Nimewahi kurudisha ramani ya kanisa na ya msikiti kwa sababu gari la zimamoto lisingepita. Ila mimi huuliza: na wengine walidaiwa hayohayo?

Huko Bernards, New Jersey, nchini Marekani, Waislamu waliotaka kujenga msikiti wa watu 150 waliambiwa watenge maegesho ya magari 107. Makanisa na masinagogi yalipimwa kwa gari moja kwa kila watu watatu, yaani wao wangetosheka na 50. Mwisho wa 2016 jaji akaona hapo pana ubaguzi. Mwaka uliofuata mji ukakubali kulipa dola milioni 3.25 na msikiti ujengwe.

Waislamu wa Uswisi hawana mlango rahisi kama huo. Katazo lao si la afisa wa viwanja wala la diwani. Limo ndani ya katiba yenyewe, na kuliondoa kunahitaji nchi nzima irudi kupiga kura.