Spana malaya: mambo ya kuyajua kabla ya kuichora na kabla ya kuishika

Kijana anayeanza kazi katika karakana ya mashine za boti, iwe Malindi ya Unguja, au Mkoani na Wete za Pemba, hukabidhiwa sanduku la spana, na mara nyingi mkono wake huenda moja kwa moja kwenye spana malaya, yaani ile yenye mdomo unaorekebishwa, kwa sababu inaonekana kufanya kazi ya spana zote. Waliotoka kwenye vituo vya mafunzo ya amali, na wale wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume pale Mbweni, huwa pia wamewahi kuichora darasani, kwa kuwa ni zoezi linalopendwa na walimu wa michoro: vipande vichache, umbo linalojulikana, na kila skuli inayo ya kuigwa. Hata hivyo, wengi huichora bila ya kujiuliza kwa nini kila kipande kimekaa pale kilipo, na wengi zaidi huitumia bila ya kujua aliyeiunda alilazimika kupoteza nini ili apate mdomo unaofunguka na kufunga. Maelezo haya nawaandikia wanagenzi wa aina zote mbili, maana mchoro na matumizi ya spana hii havitenganishiki.

Asili yake si ya juzi. Mwingereza Richard Clyburn alikuwa na spana ya kurekebisha tangu mwaka 1842, lakini umbo tunalolijua leo linatokana na Msweden Johan Petter Johansson, aliyefungua karakana yake mjini Enköping mwaka 1886 na kupata hataza (haki ya mvumbuzi) ya spana hii mwaka 1892. Bidhaa zake ziliuzwa kwa jina la Bahco, na waliomfuata, ikiwamo kampuni ya Crescent ya Jamestown, New York, iliyoanzishwa mwaka 1907, hawakuugusa moyo wa muundo wake. Mtu akichora chombo ambacho kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyepata sababu ya kukibadilisha kwa kiasi kikubwa, ni vyema akichunguze kwa heshima kabla ya kuanza kukiboresha.

Vipande vyake ni mwili wenye mpini na taya lililosimama, taya linalotembea, parafujo fupi inayozungushwa kwa kidole gumba, pini inayopita katikati ya parafujo, na springi ndogo. Mpini na taya lililosimama ni kipande kimoja cha feleji kilichofuliwa. Taya linalotembea lina mguu unaoteleza ndani ya mfereji uliochongwa kwenye kichwa cha spana, na chini ya mguu huo kuna meno yanayoshikana na meno ya parafujo. Parafujo ikizunguka, taya husogea. Ikisimama, taya husimama. Swali ambalo mwanagenzi hulipita haraka ni hili: kwa nini taya, linaposukumwa na nati kwa nguvu nyingi, lisiizungushe parafujo kinyume na kufunguka lenyewe?

Jibu liko kwenye mteremko wa jino. Tuchukue parafujo yenye kipenyo cha milimita 12 ambayo kwa mzunguko mmoja hulisogeza taya milimita 3. Ukiukunjua mzunguko huo ukawa mstari, unapata mlima wenye urefu wa karibu milimita 37.7 na kimo cha milimita 3, yaani mteremko wenye pembe ya takriban nyuzi 4.5. Feleji inapokaa juu ya feleji kwa msuguano wa kiasi cha 0.15, yaani nguvu ya kusuguana ikiwa sehemu 0.15 ya nguvu inayovigandamiza vipande, haianzi kuteleza mpaka mteremko ufike karibu nyuzi 8.5. Kwa hiyo taya linaweza kusukuma litakavyo, na parafujo itabaki pale pale. Mchoraji anayetaka spana yake ifunguke upesi atashawishika kuongeza mwendo wa jino hadi milimita 6 kwa mzunguko, na hapo mteremko unafika nyuzi 9 na parafujo haijifungi tena. Huo ndio mpaka wa kwanza wa muundo huu, na kwa sababu yake spana yetu ya kwanza huhitaji mizunguko 10 ili kulipeleka taya milimita 30. Uvivu huo wa parafujo umewekwa kwa makusudi.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini parafujo haipakwi grisi nzito. Mafuta yakishusha msuguano hadi 0.1, mpaka wa kuteleza hushuka kutoka nyuzi 8.5 hadi 5.7, na akiba iliyobaki juu ya nyuzi 4.5 ni ndogo. Mtikiso wa mkono unaokwenda na kurudi, au wa mashine inayounguruma, hutosha kuila akiba hiyo, na mdomo huanza kufunguka kidogo kidogo bila ya fundi kuona. Tone moja la mafuta mepesi linatosha kwa kuzuia kutu.

Mpaka wa pili ni nafasi za kucheza, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ili vipande viteleze, lazima pawepo nafasi kati ya pini na tundu la parafujo, kati ya meno na meno, na kati ya mguu wa taya na mfereji. Kila moja ni ndogo, lakini zinajumlishana, na athari ya ile ya mfereji hukua inapofika kwenye ncha. Ikiwa mguu umeshikwa na mfereji kwa urefu wa milimita 25, na ncha ya taya iko umbali wa milimita 30 kutoka kwenye mfereji, basi nafasi ya milimita 0.2 chini huwa karibu milimita 0.24 kwenye ncha. Mguu ukibaki umeshikwa kwa milimita 12 tu, kama inavyotokea mdomo unapofunguliwa hadi mwisho, nafasi ile ile huwa nusu milimita. Mchoraji aliyeelewa jambo hili ataurefusha mguu kadiri kichwa kinavyoruhusu na atavibana vipimo vya mfereji kabla ya kitu kingine chochote, hata kama meno ataridhika nayo yakiwa ya wastani. Na fundi aliyelielewa hatafungua nati ngumu kwa spana iliyokwisha kufika mwisho wa mdomo wake. Atachukua kubwa zaidi. Springi iliyo kwenye pini huisukuma parafujo upande mmoja ili isichezecheze ovyo, lakini haiwezi kuuondoa mchezo wa mfereji.

Je, nusu milimita ina uzito gani mbele ya nati? Nati ya milimita 19, ambayo ni ya kawaida kwenye bolti za M12 (zenye kipenyo cha milimita 12), ina upana wa karibu milimita 21.9 kutoka pembe hadi pembe. Ukiacha nafasi ya nusu milimita, spana huzunguka karibu nyuzi 3 kabla ya kushika, na ukiacha milimita nzima, karibu nyuzi 6. Katika hali hizo mbili taya haligusi tena ubapa wa nati, bali linagusa pembe peke yake, na pembe ndiyo inayokatika. Sasa tazama nguvu iliyopo. Mkono unaovuta kwa Nyutoni 200, sawa na jitihada ya kuinua mzigo wa kilo 20, ukiwa milimita 250 kutoka katikati ya nati, hutoa nguvu ya kuzungusha ya Nyutoni-mita 50. Upande mmoja wa nati hiyo una urefu wa karibu milimita 11, kwa hiyo kila taya hubeba zaidi ya Nyutoni 4,500, sawa na uzito wa kilo 460 hivi, juu ya kisehemu kisichozidi upana wa ukucha. Pembe za nati zilizoviringika kwenye mashine za boti zetu zina maelezo haya, na kutu husaidia tu.

Kutokana na hayo, ninamtaka kila mwanagenzi akaze parafujo mara mbili: kwanza mdomo ukiwa umeizunguka nati, kisha baada ya kuitikisa spana kidogo ili ubapa ulale juu ya ubapa. Kila anapoihamisha, akaze tena. Vilevile nati ifike ndani kabisa ya koo la mdomo, kwa sababu nati iliyoshikwa kwa ncha huongeza nguvu ya kulipinda taya.

Upande wa kuvuta nao una utaratibu. Waundaji huelekeza kuwa taya linalotembea liwe upande ule ambao mpini unaelekea, ili taya lililosimama, ambalo ni mwili mmoja na mpini, libebe sehemu kubwa zaidi ya mzigo. Kanuni hii hufundishwa na kila mtu. Lisilofundishwa sana ni kwamba inagongana na faida nyingine ya muundo huu. Kichwa cha spana za siku hizi kimepinda nyuzi 15 kutoka kwenye mstari wa mpini. Nati yenye pande sita hujirudia kila nyuzi 60, na spana iliyonyooka ingehitaji nafasi ya nyuzi 60 ili ifike kwenye ubapa unaofuata. Kwa kichwa kilichopinda, unaigeuza spana chini juu na kupata mshiko mpya baada ya nyuzi 30 tu, jambo lenye thamani kubwa ukiwa umeinama ndani ya kifuniko cha mashine ambamo mpini unagonga huku na kule. Spana nyingi za zamani zilipinda nyuzi 22.5, na geometria yake inaeleweka ukikumbuka nati za pande nne, maana kuigeuza huko hutoa nyuzi 45, yaani nusu ya 90. Lakini ukiigeuza spana malaya, taya linalotembea nalo huhamia upande wa pili, na kila mshiko wa pili unakuwa kinyume na kanuni. Kwa maoni yangu, kugeuza kubaki kwa nati iliyokwisha kulegea, au ile ambayo bado haijakazwa. Hatua ya kwanza ya kulegeza na ya mwisho ya kukaza zifanywe kwa upande sahihi, au kwa spana ringi, ile inayoizunguka nati yote, ikiwa inaingia.

Urefu wa mpini haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Spana ya inchi 10 hufunguka karibu milimita 30, ya inchi 6 hufunguka kiasi cha milimita 20, na uwiano huo unalinda taya lisipewe nguvu lisiyoweza kuibeba. Mwenye kuchomeka bomba kwenye mpini ili aurefushe anaivunja hesabu ya aliyeiunda, na kwa kawaida kinachoanza kusalimu amri ni mfereji, ambao hupanuka bila ya kuonekana, na spana hiyo haitashika vizuri tena. Isichukuliwe pia kuwa ndugu wa spana ya bomba. Ile ya bomba ina meno kwenye taya na kichwa kinachoyumba ili ing'ate zaidi inavyovutwa. Kwenye nati kazi yake ni kuharibu.

Kuhusu madini sitasema mengi: taka iliyofuliwa kwa feleji yenye kromu na vanadi, na uikimbie ile ya kusubu, ambayo mara nyingi hujitambulisha kwa chembechembe na alama nene ya kalibu ubavuni. Dukani Darajani hakuna haja ya kipimo chochote. Funga mdomo kabisa na uutazame kwenye mwanga: mwanga ukipenya kwenye ncha peke yake au kooni peke yake, taya halikai sambamba. Fungua nusu, kisha jaribu kulitikisa taya mbele na nyuma na ubavuni. Zungusha parafujo mwendo wote, uone kama kuna mahali inapokwama. Muuzaji akikasirika, ihesabu kuwa ni sehemu ya bei.

Bahari yetu nayo ina sheria zake. Tundu la mwisho wa mpini wengi hulidhania la kutundikia ukutani; anayefanya kazi juu ya boti apitishe kamba humo na kuifunga mkononi, kwa sababu spana iliyoponyoka kwenye ukingo wa boti hairudi. Baada ya kazi, chombo kifunguliwe hadi mwisho, kisuguliwe kwa mswaki mkuukuu na maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi na mchanga hujificha kwenye meno ya mguu na ndani ya mfereji, kisha kikaushwe kabla ya lile tone la mafuta.

Mwanagenzi anayetaka kuichora aifungue kwanza. Pini hutoka kwa bisibisi, na baadhi ya spana pini yake ina hesi za kushoto, kwa hiyo ikikataa usilazimishe kabla ya kujaribu upande wa pili. Fanya hivyo juu ya sinia, kwa sababu springi huruka. Pima kwa kalipa, yaani kipimo cha taya cha kupimia unene na upana, unene wa mguu na upana wa mfereji katika sehemu tatu, mwanzo, kati na mwisho, uandike tofauti zake. Kwenye spana iliyochoka utakuta mfereji umepanuka zaidi mdomoni kuliko ndani. Wakati wa kurudisha, taya liingie kwanza, kisha parafujo na springi yake ziwekwe kwenye dirisha, yaani uwazi wake kichwani, na pini ipitishwe mwisho. Ikiwa pini imepinda na nyingine haipatikani, inaweza kukerezwa mpya kwa feleji ngumu, kipenyo chake kikipungua chini ya tundu la parafujo kwa kiasi kisichozidi sehemu ya kumi ya milimita.