Samadi kwenye kichanga na kwenye mbuga si kitu kimoja

Msomaji ameandika kwamba alimwaga tripu mbili za samadi kwenye ekari ya kichanga, na mahindi yakanyauka wiki moja tu baada ya mvua kukata. Anauliza kama samadi ni uongo. Si uongo. Ilikuwa kidogo, tena ilitawanywa.

Mwaka 2018 wanasayansi wa udongo Minasny na McBratney walijumlisha vipimo vya udongo vya nchi nyingi. Kaboni, ambayo samadi huiongeza udongoni, ikipanda kwa asilimia 1 ya uzito wa udongo, maji ambayo mmea unaweza kuyanyonya huongezeka kwa wastani wa milimita 1.16 katika kila sm 10. Kichanga ndicho kinachofaidi zaidi, mfinyanzi kidogo kabisa. Kwa kina cha sm 20 unapata milimita 2 na ushei, na mahindi yanayochanua humaliza milimita 5 hivi kwa siku ya jua. Kufikia hapo kwenye ekari moja kunadai zaidi ya tani 40 za samadi kavu. Nani anazo?

Basi ilundike penye mizizi. Mashimo ya kupandia ya kijiji cha Chololo, Dodoma, yana upana wa sm 22 na kina cha sm 30. Mstarini yaachane sm 60, kati ya mistari sm 90, mistari ikikingama na mteremko. Chini weka jivu kidogo dhidi ya mchwa, kisha samadi iliyoiva, kopo la lita 2, na mabaki ya mazao. Fukia, lakini usijaze hadi juu, maji yapate pa kutuama. Samadi mbichi huunguza miche. Mabua makavu yakizidi karibu na mbegu, vijidudu hunyang'anya naitrojeni na mahindi hugeuka njano. Mengi yatandaze juu, yazuie jua. Inauma kuona mabua yote yakiliwa na ng'ombe au kuchomwa moto.

Udongo mweusi wa mbuga, ambao ni mfinyanzi, maji unayo, ila huyang'ang'ania. Huko mboji hufungua njia: udongo hushikana vibonge vidogo, mvua ikaingia badala ya kutiririka. Usichimbe mashimo, yatageuka madimbwi na mizizi ioze. Piga matuta, changanya mboji sm 15 za juu udongo ukiwa haunati kwenye jembe.

Huna uhakika na udongo wako? Lowesha konzi moja, uubinye kati ya kidole gumba na cha shahada utokeze kama mkanda. Usipotoa mkanda kabisa ni kichanga. Mkanda ukipita sm 5 ni mfinyanzi. Na kwenye kichanga rudishia samadi mashimo yaleyale kila msimu, maana joto huimaliza upesi.