Gharama za Kuwa na Kipato Kidogo, na Namna ya Kuzikwepa

Kwa miaka mingi nimeishi kwa kipato kidogo sana, na ushauri niliopewa zaidi na watu wenye uwezo ni kupunguza matumizi. Sasa yule ambaye hana cha kupunguza afanye nini? Kwa niliyoyaona, pesa ya mtu wa hali ya chini huliwa zaidi na gharama za kuwa na kidogo kuliko na anasa. Hizo ndizo ninazoshauri uzishughulikie kwanza.

Kubwa kuliko zote ni kununua vipimo vidogo. Sabuni ya leo, mafuta ya leo, nafaka ya mlo mmoja. Jumlisha vipimo hivyo hadi vifikie mfuko mzima, na mara nyingi utakuta umelipa zaidi ya aliyeununua mfuko huo kwa mara moja. Najua, pesa ya mara moja ndiyo haipo. Kilichonisaidia ni kuchagua kitu kimoja tu kisichoharibika, ninachokitumia kila siku, na kujibana hadi nikanunua cha mwezi mzima. Nafuu iliyopatikana sikuigusa. Niliielekeza kwenye kitu cha pili, kisha cha tatu. Mwendo wake ni wa polepole mno na mwanzoni unakatisha tamaa, lakini kila kitu kinachohamia kwenye bei ya jumla kinakusaidia kukihamisha kinachofuata. Kama peke yako huwezi, changa na jirani mnayeaminiana, mnunue pamoja na kugawana. Pimeni mkiwapo wote wawili, maana ugomvi wa kipimo huua ujirani.

Gharama ya pili ni mkopo wa shida. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi masikioni ni ndogo. Kaa nayo mwaka mmoja ukilipa riba peke yake, utakuwa umetoa asilimia 120 ya ulichokopa, na deni lenyewe liko palepale. Kwa hiyo akiba ya dharura naiweka mbele ya mipango mingine yote, hata kama inatosha dawa tu au kushonesha viatu. Ihifadhi mbali na pesa ya matumizi. Siku ikitumika usisononeke, ndiyo kazi yake. Anza kuijaza tena.

Kama unaishi kwa vibarua na mapato yanapanda na kushuka, chagua nyumba ya kupanga kwa kuangalia mwezi wako mbaya. Kodi haijui kwamba mwezi huu kazi zilikuwa chache.

Jikoni kuna nafuu ambayo wengi wanaipita. Maji yakishachemka, joto lake haliongezeki hata uchochee moto vipi. Unachoongeza ni mvuke tu. Yakichemka, funika sufuria na upunguze moto, chakula kitaiva kwa muda uleule. Nafaka ngumu na jamii ya kunde loweka usiku kucha. Kwa mwenye umeme, balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na ule wa balbu ya zamani ya wati 60.

Meno yapigwe mswaki, na jino likianza kutoboka lizibwe mapema. Likisubiri hadi lipasue kichwa, utalipa zaidi na kukosa kazi juu yake.

Kuna jambo naliona zito kuliko haya yote: kujitenga. Mtu asiye na kitu huanza kukwepa shughuli za wenzake kwa kuona haya, na akiwakosa watu amekosa pia wa kumwambia palipo na kazi, wa kumwangalizia mtoto, wa kumpigia hodi akiugua. Nenda. Taja mapema kiasi unachokiweza, bila maelezo marefu, au toa nguvu zako: kupika, kubeba, kuosha vyombo.

Tenga pia kidogo cha kufurahia. Wapo wanaosema mwenye shida asijiburudishe, nami siwakubalii hata kidogo, kwa sababu bajeti isiyo na raha huvunjwa kabla ya mwezi kuisha. Waulize na watoto wangependa nini kwa kiasi hicho, ukiwatajia kiasi chenyewe. Wangu walizoea upesi kupanga kwa kilichopo, na mara nyingi walichochagua kilikuwa rahisi kuliko nilichokuwa nimekifikiria mimi.